Shati la mtumba kuwa gauni la mtoto: fumua kwanza, mkasi baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini gauni la mtoto ulilolitoa kwenye shati kubwa la mtumba limevutika upande mmoja baada ya kufuliwa, na kama ubadilishe cherehani. Cherehani usiisingizie. Nguo zangu tatu nne za mwanzo zilipinda vivyo hivyo, kwa sababu nilikata kabla ya kufua, na nilikata bila kutazama nyuzi za kitambaa zinaelekea wapi.

Kufua ni neno moja tu: maji ya moto, anika, piga pasi. Kama pamba inataka kurudi, irudi ikiwa bado shati.

Nyuzi ndizo zenye kazi. Kwenye shati, zinazoteremka sambamba na mstari wa vifungo hazivutiki sana. Sasa shika kitambaa kona kwa kona, mshazari, uvute: kinatanuka kama lastiki. Nahisi uliilaza mshazari karatasi yako ya kukatia ili kitambaa kitoshe. Wengi tunafanya hivyo, halafu maji yakiingia upande ule unashuka.

Kabla ya mkasi, fumua. Kwa ncha ya wembe kata uzi kila baada ya mishono mitatu minne, upande mmoja tu, kisha geuza kitambaa uvute uzi wa upande wa pili. Utatoka mrefu na kitambaa hakitachanika. Mishono ya ubavuni mwa mashati ya kiume mara nyingi imekunjwa na kushonwa mara mbili. Hiyo siifumui, nakata pembeni yake, maana nitazeeka nayo mkononi.

Mfuko wa kifuani uutazame vizuri. Niliwahi kuufumua kwenye shati la buluu, chini yake nikakuta kitambaa bado kina rangi ya upya, iliyokoza, na pembeni kote kimepauka. Ilikuwa kama muhuri katikati ya kifua. Hakuna pasi wala sabuni inayoliondoa hilo. Niliurudisha mfuko palepale, na mwenye gauni akaufurahia kuliko gauni lenyewe. Pia inua shati kwenye mwanga: viwiko na kola huwa vimelika, na kitambaa kinachopitisha mwanga kama chujio hakitashika mshono.

Kwa gauni, mimi hukata kutoka kwapa hadi kwapa na kubaki na sehemu ya chini. Upande wa vifungo unakuwa mgongo, kwa hiyo huna haja ya zipu. Pindo la chini tayari limeshonwa kiwandani, liache, hata kama limepinda kama mkia. Mikono ya shati itakupa mikanda ya kuzungushia kingo za shingo na makwapa, upana wa sentimita 3 hadi 4, na hapa sasa ndipo ukate mshazari kwa makusudi, kwa sababu mkanda unaotanuka ndio unaofuata mviringo bila kujikunja.

Ukitaka kubadilisha kitu kwenye cherehani, badilisha sindano. Shati la kawaida namba 80 inatosha; jinzi 90 au 100; tisheti inataka sindano yenye ncha butu inayopenya kati ya nyuzi bila kuzikata.

Na hilo gauni lililokwisha kupinda usilitupe. Fumua pindo, litundike siku nzima lishuke mpaka lichoke, kisha mvalishe mtoto asimame, upime kwa rula kutoka sakafuni kwenda juu, uweke alama kwa chaki mzunguko mzima. Kutoka kiunoni kwenda chini usipime, utalipindisha tena. Mtoto kusimama wima ndiyo kazi ngumu. Mimi humpa boksi la vifungo achague atakavyo.