Usiulaze wali wa shughuli ndani ya sufuria

Dada wa Wete, usifanye hivyo! Umeuliza kama pilau ya arusi inaweza kupikwa usiku, ikalala sufuriani, asubuhi ikapashwa moto. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Anayekwambia moto unaua kila kijidudu anakupoteza. Mpishi wa shughuli yetu alituambia maneno hayo hayo tena kwa kujiamini, na mpaka leo nikimkumbuka nakasirika. Asubuhi wali ulipakuliwa unatoka mvuke. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanatapika uani, wakubwa kwa watoto, na bibi arusi naye hakusalimika.

Kwenye mchele mbichi huwemo bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus cereus. Mambo yakimwia magumu hujifungia ndani ya spora, yaani kijumba kigumu cha kujihifadhi. Katikati kuna kiini kikavu chenye kalsiamu. Juu yake limekaa tabaka nene la peptidoglaikani, kitu kile kile kinachojenga ukuta wa bakteria wa kawaida. Kisha linakuja ganda la protini, na huyu ana ngozi nyengine tena nje ya ganda. Maji yanayochemka hayafiki nyuzi 121, joto ambalo maabara hutumia kwa mvuke wa shinikizo kuua spora. Kwa hiyo wali unaiva, spora nyengine zinabaki hai, na lile joto la kupikia ndilo linaloziamsha.

Sasa chukua sufuria kubwa iliyopaliwa makaa saa nne usiku. Alfajiri juu umeshapoa, lakini tia mkono wa upawa mpaka kati: uvuguvugu, punje zinanata, mfuniko unatona maji. Hapo spora zimevua maganda, bakteria wanazaana usiku kucha, na wanatoa sumu inayoitwa sereulaidi. Ukiupasha, bakteria wanakufa. Sumu haifi! Hata hizo nyuzi 121 inazistahamili, seuze jiko la makaa. Mtu akila, kutapika kunaanza kati ya nusu saa na saa sita. Mara chache huharibu ini mpaka mtu akafa.

Na usinambie utaunusa kwanza. Wali huo haunuki, hauchachi, rangi yake ile ile, na ndimu haiondoi chochote. Uingereza waliyaona haya miaka ya 1970 kwenye mikahawa ya Kichina: wali ulichemshwa, ukaachwa nje, baadaye ukakaangwa, wateja wakatapika.

Waamshe wapishi saa tisa usiku. Vitunguu vimenywe jana yake, viungo visagwe, nyama ichemshwe na iwekwe kwenye friji, lakini mchele uingie sufuriani alfajiri na uliwe ungali moto. Ukichelewa kupakua, usiache makaa yazime, wali ubaki zaidi ya nyuzi 60. Mpishi akikataa kuamka, tafuta mwengine, hata kama ameshapewa kishika mkono.

Utakaobaki mchana utandaze kwenye masinia, wembamba, upoe haraka, na ndani ya saa mbili uwe umeshaingia kwenye friji. Usimfungie jirani kwenye hotipoti aende kuula usiku.