Besi ya shingo mbili kwa bendi ya dansi?

Kaka, umeuliza kama besi ya shingo mbili, yaani gita la besi lenye shingo mbili kwenye mwili mmoja, inakufaa wewe unayepiga dansi kila wikiendi. Jukwaani inapendeza, sikatai. Geddy Lee, mpiga besi wa bendi ya roki ya Rush ya Kanada, alikuwa na ya hivyo ya kampuni ya Rickenbacker, yake shingo moja besi na nyingine gita, anahama katikati ya wimbo. Lakini uzito! Besi ya kawaida ni kilo 4 hivi, hii huvuka 6. Piga rumba kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, bega litakusimulia. Nyuzi za shingo usiyoipiga nazo zinavuma zenyewe usipoizima kwa swichi. Niliwahi kuazima moja. Kariakoo nzima nilikosa mfuko wake, nikaipandisha bajaji imeviringishwa shuka, vichwa viwili nje. Chukua besi mbili za shingo moja na stendi ya kuziwekea.