Nani aliyeuangusha mkonge wetu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina ekari tano za mkonge huku Muheza. Baba yangu, aliyefanya kazi korona, kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, enzi za mashamba ya umma, anasema Benki ya Dunia ndiyo iliyoua mkonge kwa mikopo yake ya masharti, huku Wazungu wakiwalipa ruzuku wakulima wao. Ni kweli? Na sasa ushirika wetu unashawishiwa uchukue mkopo wa kupanua mashamba. Tuchukue?
– Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Uchungu wa baba yako naujua, ila mshitakiwa wake wa kwanza siye. Mimi nimezeeka ghalani hapa Tanga nikipanga singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa madaraja, 3L huku, UG kule, yenye doa inashushwa hata iwe ndefu namna gani. Singa zile nyingi zilikwenda kusokotwa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo Ulaya na Marekani. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000, na duniani hakuna aliyetufikia. Ikaja kamba ya plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, rahisi na haiozi, bei ikaporomoka. Mashamba yalipotaifishwa 1967 soko lilikuwa limekwisha kuyumba, na uendeshaji wetu wenyewe haukulisaidia (baba yako anajua, asinune). Serikali ilipokubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1986, mkonge ulikuwa hoi zamani.

Penye ruzuku, hapo namuunga mkono. Masharti ya IMF na Benki ya Dunia ya miaka ile yalitaka shilingi ishushwe thamani na serikali ijitoe kwenye biashara ya mazao, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikaondolewa. Wakati huohuo Marekani iliendelea kuwalipa wakulima wake wa pamba. Brazili ikaishitaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, WTO, ikashinda. Kesi ikafungwa 2014 kwa Marekani kuilipa dola milioni 300. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali nazo zililia kuhusu pamba hiyohiyo tangu 2003. Mfuko wa kuzilipa haukuonekana. Mkutano wa Nairobi wa 2015 ulikubali kufuta ruzuku za kuuza nje, lakini fedha anazopewa mkulima wa kule shambani kwake hazikuguswa. Kinachonichekesha ni kwamba mwaka 2009 Benki ya Dunia ileile ilitukopesha fedha za vocha za pembejeo, yaani ruzuku ya mbolea ikarudi, safari hiyo kwa deni.

Watu hutazama riba, na mikopo mingi ya zamani ya IDA, mkono wa Benki kwa nchi maskini, haikuwa na riba kabisa: ada ya asilimia 0.75, na miaka kumi ya kusubiri kabla ya kuanza kurejesha. Mzigo ulikuwa kwingine. Deni ni la fedha za kigeni, na fedha za kigeni tunazipata kwa robota za mkonge, kahawa, korosho. Bei ikishuka nusu, deni lilelile linadai robota mara mbili. Ndiyo maana wengine tulishangilia madeni yaliposamehewa 2001 na 2006.

Kuhusu ushirika wenu, mkopo huo si wa Benki ya Dunia moja kwa moja, hata kama fedha zilianzia huko. Mtasaini na benki ya hapahapa, kwa riba ya hapahapa. Mkonge mpya hukatwa mara ya kwanza ukiwa na miaka kama mitatu. Kama marejesho yanaanza mwaka wa kwanza, kataeni, au ombeni mkopo mdogo wa kupalilia na kufufua mashamba yaliyopo, ambayo majani yake yanakatika leo. Ulizeni pia korona ni ya nani na ina nafasi ya majani yenu, maana jani likishakatwa halisubiri foleni ya wiki nzima.