Mpigaji Akiondoka Katikati ya Mchezo, Nafasi Yake Inakuwaje?

Mtoto wa tano kwenye orodha ya wapigaji wa timu yako ya besiboli ameteguka kifundo, au baba yake amekuja kumchukua wawahi harusi, na ngwe ya tatu (kipindi ambacho kila timu hupata zamu ya kupiga) ndiyo kwanza inaanza. Umebaki na watoto kumi. Makocha wengi wa kujitolea hapo hufuta jina na kuwasogeza wote: wa sita anakuwa wa tano, wa saba anakuwa wa sita. Usifanye hivyo. Daftari la timu pinzani na la mwamuzi bado lina namba za mwanzo, na dakika ishirini baadaye hakuna atakayejua zamu ni ya nani. Liache pengo lilipo, kisha ujue jambo moja: zamu ikifika hapo, inarukwa au inahesabiwa auti, yaani kama mpigaji aliyetolewa?

Jibu liko kwenye kitabu cha sheria ambacho ligi yako inakitumia, na vitabu vya besiboli ya watoto Marekani havifanani. Little League, shirika la besiboli ya watoto ambalo hata vijana wa Lugazi, Uganda, walicheza fainali zake za dunia mwaka 2012, inaruhusu ligi ya mtaa kutumia utaratibu ambao kila mtoto aliyepo anapiga, wawe kumi au kumi na watatu. Ni kanuni ya 4.04. Mtoto akiumia, akiugua au akilazimika kuondoka uwanjani, zamu yake inarukwa bila adhabu. Akirudi, anaingia palepale alipokuwa. Anayechelewa kufika huwekwa mwisho wa orodha. Makosa mengi tunayoyaona yanatokea hapa: mtoto wa tano ameondoka, mwingine anafika ametoka darasa la muziki, kocha anamchomeka nafasi ya tano. Hapana. Pengo la tano linabaki, na aliyechelewa anakuwa wa kumi na mbili.

Shule za sekondari zinazofuata sheria za NFHS, shirikisho la michezo ya shule za sekondari Marekani, ni kali zaidi. Mchezo unaanza na tisa, na unaweza kuendelea na wanane asipokuwepo wa kumbadili aliyetoka, lakini kila zamu ya pengo ikifika inahesabiwa auti. Hapo pengo linauma kweli. Tuseme ni la tisa, auti mbili zimeshapatikana, mkimbiaji yuko beisi ya pili na wa nane anakuja kupiga. Kocha mwerevu wa upande wa pili anampa wa nane beisi ya bure (anakwenda beisi ya kwanza bila kupiga), pengo linafika, auti ya tatu, ngwe imekwisha. Kwa hiyo kwenye zamu ya wa nane mwambie mtoto asisubiri boli nne, yaani mirusho minne mibaya inayompa beisi ya bure. Mpira unaofikika aupige, na mkimbiaji awe tayari kuiba beisi mapema. Huna njia ya kulihamisha pengo mchezo ukishaanza.

Ligi isiyotumia utaratibu wa wote kupiga, aliyeko benchi huchukua nafasi ileile ya aliyetoka. Benchi likiwa tupu, Little League ina kanuni ambayo wengi hawaijui: kocha wa timu pinzani ndiye anayechagua nani kati ya waliokwisha kutoka arudi. Naye hatakuchagulia mpigaji wako bora. Asipopatikana wa kurudi na mkabaki pungufu ya tisa, hamhesabiwi mmeshindwa papo hapo. Bodi ya ligi ndiyo huamua.

Mtoto akitoka, kabla mpira mwingine haujarushwa, omba muda. Mwambie mwamuzi namba ya jezi na sababu, kisha nenda mwenyewe kwa anayeandika daftari la timu ya pili. Kwenye daftari lako usifute jina. Piga mstari mmoja kuanzia kisanduku cha ngwe ile hadi mwisho wa safu, na pembeni andika “ng. 3, kaumia”. Anayetumia programu ya simu ahakikishe amemruka mtoto na hajamfuta, maana ukimfuta orodha inaweza kujipanga upya.

Pengo ndilo huzaa zamu za kimakosa. Wa nne amepiga, wa tano hayupo, anayestahili ni wa sita, lakini anatoka wa saba kwa sababu pengo limemchanganya hesabu. Ukigundua akiwa bado anapiga, hata akiwa na boli moja na straiki moja (mrusho mzuri uliomshinda; tatu ni auti), mtoe. Wa sita anaendelea na hesabu hiyohiyo, hakuna auti. Akishamaliza zamu na wapinzani wakalalamika kabla mpira haujarushwa kwa anayefuata, wa sita ni auti, alichopiga wa saba kinafutwa, wakimbiaji wanarudi, na wa saba anapiga tena. Wakichelewa na mpira ukarushwa, zamu ya wa saba imehalalishwa, anafuata wa nane, na wa sita amekosa zamu yake. Mwamuzi hatasema kitu. Haruhusiwi.

Akitoka akiwa juu ya beisi, ligi nyingi za mtaa humtumia mtoto aliyehesabiwa auti mwisho akimbie badala yake. Uliza kabla ya mchezo. Uliza pia hesabu inakwenda kwa nani akiumia katikati ya zamu. Anayebadiliwa kwa mchezaji wa benchi humwachia hesabu yake, na akiwa na straiki mbili kisha mwenzake akapata ya tatu, kwenye takwimu auti hiyo ni ya aliyetoka.

Aliyegongwa kichwani ni habari nyingine. Hata akisema yuko sawa na mama yake akaitikia, ukimshuku mtikisiko wa ubongo harudi siku hiyo, na mstari wake kwenye daftari unabaki hadi ngwe ya mwisho.