Soprano ilikuwepo kabla ya Coltrane
Wapo wanaodai kwamba John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, ndiye aliyeanza kupiga saksafoni ya soprano (ile ndogo yenye sauti ya juu) kwenye jazi. Hapana, si yeye. Sidney Bechet wa New Orleans aliirekodi 1923, wakati Coltrane hata hajazaliwa (yeye ni wa 1926). Sikiliza "Summertime" ya Bechet ya 1939. Mtetemo ule wa sauti huwezi kumsingizia mtu mwingine. Halafu mpiga saksafoni Steve Lacy akaishikilia soprano miaka ya 1950, wengi wakiwa wameshaitupa.

Sifa ya Coltrane ni kuifanya ipendwe upya, kwa "My Favorite Things" aliyoirekodi 1960 na ikatoka 1961. Hilo simnyimi. Ila ukubwa wake hasa, kwa masikio yangu, uko kwenye tenori, saksafoni kubwa zaidi yenye sauti nzito.