Kila Ifikapo Saa Nane za Usiku, Niko Macho

SWALI: Mshauri, salamu. Miaka minne iliyopita majambazi walivunja mlango wa nyumba yetu usiku wa manane, wakatufunga kamba mimi na mume wangu, wakatushikilia hadi karibu na alfajiri. Tulihama nyumba ile. Mume wangu hulala kama kawaida, lakini mimi nimesahau usingizi ulivyo. Hupanda kitandani mapema ili nipumzike, nikagaagaa hadi saa saba, na nikibahatika kupata lepe la usingizi, saa nane nashtuka nimelowa jasho, moyo unanienda mbio, kisha nainuka kukagua makomeo ambayo nimeshayakagua. Nimejaribu vidonge vya usingizi, nimejaribu pombe. Vilinisaidia siku chache tu. Ndugu zangu wananiambia nisahau yaliyopita. Je, nitalala tena, au ndiyo nimeharibika? — Mama K.

JIBU: Pole sana, Mama K. Hukuharibika, na kulala utalala, ingawa si kwa kuambiwa usahau. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ndivyo ubongo wako unavyofanya: usiku ule ulijifunza kwamba giza, kimya na kitanda ni dalili za hatari, kwa hiyo kila ukijilaza, sehemu inayoitwa amigdala hupiga mbiu, adrenalini, kemikali ya mwili inayouandaa kukabili hatari, ikamwagika, na mwili ukashika zamu ya ulinzi wakati unaotakiwa kulegea. Madaktari wameyatambua kwa muda mrefu madhara haya ya kiwewe, yaani jeraha la moyoni linaloachwa na tukio la kutisha. Chama cha wataalamu wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliyaingiza rasmi katika mwongozo wake wa maradhi mwaka 1980, na kukosa usingizi pamoja na jinamizi ni miongoni mwa dalili zake. Ndugu zako wanakutakia mema, lakini wanakudai kitu ambacho hakiko chini ya amri yako.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ukosefu wa usingizi, hata kama ulianzishwa na kiwewe, baadaye hujisimamia wenyewe kama ugonjwa kamili, na wapo waliotibiwa kiwewe wakapona hofu za mchana huku usiku wakiendelea kukesha. Kwa sababu hiyo naona usisubiri mpaka moyo upoe ndipo ushughulikie usingizi. Tiba inayopewa nafasi ya kwanza ni ya kisaikolojia, inayorekebisha fikra na mazoea ya kulala. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 iwe tiba ya mwanzo kwa watu wazima wenye tatizo hili sugu, kabla ya vidonge.

Mazoea yenyewe ni haya. Kupanda kitandani mapema, jambo ulilolifanya kwa nia njema, kunakuumiza, kwa kuwa saa unazogaagaa zinazidi kukifundisha kichwa chako kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Panda pale tu macho yanapokuwa mazito. Ukikaa kitambo kama cha dakika 20 bila kusinzia, inuka, nenda chumba kingine chenye mwanga hafifu, ufanye jambo tulivu hadi usingizi urudi, na asubuhi uamke saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Saa ya ukutani igeuze usiione, kwani kujua kwamba ni saa nane kunatosha kukurudisha katika usiku ule. Mtaalamu anaweza pia kukupunguzia muda wa kuwa kitandani ili usingizi ujikusanye, lakini muda huo haushushwi chini ya jumla ya saa 5 kwa usiku, na mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au anayeendesha gari kikazi asijaribu hilo peke yake. Majuma ya mwanzo huchosha. Vumilia.

Makomeo nayo yanataka utaratibu. Kila unapoinuka kuyakagua unapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu, kwa sababu ubongo unaamini kwamba umenusurika kwa kuwa ulikagua. Kubaliana na mume wako kwamba mtayakagua pamoja mara moja kabla ya kulala, mkono ukiwa juu ya komeo, mkitamka kwamba mlango umefungwa. Ukiamka usiku na shauku ikakushika, usiifuate. Itapanda, kisha itashuka yenyewe.

Kama kinachokushtua ni ndoto mbaya, ipo njia iliyojaribiwa kwa wanawake walionusurika ubakaji, na matokeo mazuri yakachapishwa mwaka 2001. Mchana, ukiwa umetulia, unaiandika ndoto, unaibadilisha kwa namna yoyote uipendayo, kisha unaipitia ile mpya akilini kila siku kwa dakika 10 hadi 20. Anza na ndoto isiyotisha sana. Ile ya usiku wa uvamizi iache hadi uwe na mtaalamu pembeni.

Pombe huharakisha usingizi lakini huuvunja katika nusu ya pili ya usiku, ambayo ndiyo yenye ndoto nyingi. Usiichanganye kamwe na vidonge vya usingizi, maana kwa pamoja vinaweza kuzima pumzi. Kama bado unavitumia vidonge au unakunywa kila siku, usiache ghafla; daktari akupunguzie taratibu. Muulize pia mume wako kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini, kwa kuwa tatizo hilo huonekana sana kwa watu wenye kiwewe, nalo lina tiba yake.

Ikiwa yamewahi kukujia mawazo ya kujiua, nenda hospitali leo hii, usingoje miadi. Vinginevyo, ukimwona daktari, usiishie kusema kwamba hulali, kwa sababu ukisema hivyo tu utaandikiwa vidonge na kurudi nyumbani. Mtajie uvamizi wenyewe, saa unayoshtuka, ndoto kama zipo, na makomeo, kisha umwombe akupeleke kwa mwanasaikolojia anayetibu kiwewe. Mume wako akusindikize, kwani naye alifungwa kamba usiku uleule, na kulala kwake vizuri si hoja ya kutoulizwa anaendeleaje.