70-20-10 si dawa: jibu kwa mkuu wa mipango

Swali: Ninaongoza idara ya mipango katika taasisi yenye wafanyakazi wapatao 300. Miaka miwili iliyopita mshauri alituelekeza tugawe bajeti kwa uwiano wa 70-20-10: asilimia 70 iende kwenye shughuli tunazozijua, 20 kwenye maboresho yanayokaribiana nazo, na 10 kwenye mambo mapya kabisa. Hiyo 10 imegharamia miradi minane. Yote imefungwa, mingi kabla ya kutimiza miezi sita, kwa kuwa haikuleta mapato. Idara ya fedha inataka fungu hilo lirudi kwenye shughuli kuu, naye mshauri anasema tulipandishe hadi 20. Uwiano sahihi ni upi?

Jibu: Hakuna uwiano sahihi. Idara ya fedha na mshauri wanavutana juu ya namba wakati tatizo lenu liko kwingine.

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi, na karibu kila mara nyuma yake yupo mshauri mwenye chati ya duara ya rangi tatu. Niruhusu nianze na hiyo chati, maana ndiyo inayonikera zaidi. Uwiano wa 70-20-10 ulipata umaarufu katikati ya miaka ya 2000 kupitia Google, Eric Schmidt alipokuwa mtendaji mkuu. Ulikuwa mpango wa kampuni moja, tena kampuni iliyokuwa ikiingiza fedha nyingi za matangazo, na ambayo ingeweza kujaribu wazo jipya kwa kutumia muda wa wahandisi wachache tu. Haukutokana na hesabu yoyote inayothibitisha kwamba 10 ni bora kuliko 4 au 25. Anayeubeba na kuubandika kwenye hospitali, shirika la maji au kiwanda cha saruji, bila kuuliza jaribio moja linagharimu nini na linachukua muda gani kutoa jibu, hajafanya kazi aliyolipwa.

James March, mtafiti wa namna taasisi zinavyojifunza, aliieleza shida yenyewe mwaka 1991. Kuvuna kilichopo hulipa mapema na kwa uhakika. Kutafuta mapya hulipa kwa kuchelewa, pengine katika idara nyingine kabisa, na mara nyingi hakulipi chochote. Taasisi hujifunza kutokana na matokeo inayoyaona, kwa hiyo ikiachwa ijiendee itaegemea upande unaolipa leo, hata kama hakuna kikao kilichoamua hivyo. Kutenga fungu hakuondoi mvuto huo. Mkiligawa fungu Januari kisha mkalipima Desemba kwa mapato, mmekwisha kulihukumu kabla halijaanza kazi.

Miaka miwili baadaye March na mtafiti mwenzake Daniel Levinthal walieleza mitego miwili. Wa kwanza unajulikana: mafanikio huzaa marudio, marudio huzaa upofu. Wa pili washauri hawaupendi, nao ndio uliowanasa ninyi. Jaribio linashindwa, linaachwa, linaletwa jingine, nalo linaachwa kabla halijaeleweka, na kila kushindwa kunakuwa sababu ya kuanza kingine. Miradi minane kwa miaka miwili si dalili ya kutafuta kidogo. Mmetafuta sana. Hamkukaa na jambo hata moja hadi watu wake walizoee, na jambo jipya huanza vibaya hata likiwa zuri, kwa sababu wanaolifanya bado ni wageni nalo. Mkiongeza fungu mara mbili bila kugusa hilo, mtafunga miradi kumi na sita.

Kuna upotofu mwingine ambao ningependa kila mjumbe wa bodi aujue. Jerker Denrell na March waliuonyesha mwaka 2001. Chaguo lililoanza kwa bahati mbaya haliguswi tena, kwa hiyo hukumu mbaya dhidi yake haipati nafasi ya kusahihishwa. Lililoanza kwa bahati nzuri hurudiwa, na kule kurudiwa huanika ukweli wake. Hivyo makosa yanayobaki katika kumbukumbu ya taasisi huelemea upande mmoja: hudhulumu mapya. Mtu wa fedha anaposema "tulijaribu, halikufaa", hasemi uongo. Anasoma rekodi iliyopinda.

Kwa hiyo kabla ya kubishania asilimia, toeni majalada ya ile miradi minane. Kila mmoja ulitakiwa kujibu swali gani? Ni matokeo yapi, yaliyoandikwa kabla ya kuanza, ambayo yangewafanya msimame? Na kama ungefaulu, ni idara ipi ya shughuli kuu ingeupokea, kwa bajeti ya nani? Nina hakika swali la tatu halina jibu katika majalada mengi. Mradi usio na mpokeaji hufa hata ukifaulu. Katika hiyo minane, chagueni mmoja au miwili iliyoacha ujuzi wa kweli, mwirudie kwa muda wa kutosha. Mingine mwache ipumzike.

Jambo la pili ni muda. Wanahisabati wanaoshughulikia tatizo la kuchagua kati ya njia inayojulikana na zisizojulikana, tangu Herbert Robbins mwaka 1952 hadi John Gittins katika miaka ya 1970, walionyesha jambo ambalo kila mpangaji anapaswa kulining'iniza ukutani: thamani ya kujaribu inategemea muda uliobaki wa kutumia utakachojifunza. Njia isiyojulikana inastahili kupewa thamani ya ziada juu ya wastani wa faida unaoutarajia kutoka kwayo, na ziada hiyo hupungua kadiri unavyoijali kesho kidogo. Uwiano uliogandishwa miaka mitano unapingana na mantiki hiyo moja kwa moja. (Taasisi si fumbo la hisabati, nakiri: njia zenyewe hubadilika, na watu wana vyeo vya kulinda.) Lakini jiulizeni: anayeamua kufunga miradi yenu ana muda gani mbele yake? Mkuu ambaye mkataba wake unaisha mwakani ana kila sababu ya kuvuna, na hakuna chati itakayombadilisha.

Sasa niseme na wengine mnaosoma, maana biashara hii ya kuuza ubunifu imeharibu taasisi nyingi. Mnauziwa maabara ya ubunifu yenye viti vya rangi, mashindano ya mawazo ya siku mbili, na kauli kwamba dunia inabadilika haraka, hivyo lazima mtafute zaidi. Hata kauli hiyo haisimami kila mahali. Hart Posen na Levinthal walionyesha mwaka 2012 kwamba mabadiliko ya haraka huozesha pia ujuzi mpya mnaouchuma, kwa hiyo kuna hali ambazo jibu la busara kwa msukosuko ni kutumia vizuri zaidi mlichonacho.

Tazameni Kodak, kampuni ya filamu za kamera ya Marekani, inayotajwa kila semina kama kampuni iliyokataa mapya. Mhandisi wake Steve Sasson alitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975, na baadaye kampuni ikauza kamera hizo kwa wingi. Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kutafuta kulikuwepo. Sehemu kubwa ya faida ilikuwa imejengwa juu ya filamu za kamera, na biashara mpya haikuweza kuibeba kampuni ya ukubwa ule. Fujifilm, mshindani wake wa Japani, ilipigwa na pigo lilelile. Chini ya mkuu wake Shigetaka Komori ilipunguza uwezo wake wa kuzalisha filamu na kuuliza elimu yake ya kemia ingefaa wapi kwingine: ikaingia kwa nguvu kwenye utando mwembamba unaowekwa ndani ya skrini bapa, na mwaka 2007 ikatoa vipodozi vya Astalift, ikitumia ujuzi wa kolajeni (protini iliyomo pia kwenye ngozi) na wa kuzuia rangi ya picha isififie. Mapya yao yalichipuka kwenye kilichokwisha kuvunwa. Chati ya rangi tatu haiwezi kuonyesha hilo, kwa sababu imeweka mpaka mahali ambapo hapakuwa na mpaka.

Hata utafiti unaonukuliwa na washauri hawa hukatwa nusu. Watafiti wa uongozi Charles O'Reilly na Michael Tushman walisema kitengo cha mapya kitengwe na shughuli kuu, ndiyo, lakini walisema pia kiunganishwe nazo juu kabisa, kwa viongozi wanaowajibika kwa pande zote mbili. Kutenga kunauzika kirahisi: unapata jengo, jina na uzinduzi. Kuunganisha kunamlazimu mkuu wa shughuli kuu kutoa watu wake bora na wateja wake, na hapo ndipo mshauri huwa amekwisha kulipwa na kuondoka.

Mshauri wenu akirudi na pendekezo la 20, mwambieni aandike mambo matatu kwanza: nani atapokea mradi ukifaulu, tarehe ipi utapimwa, na kwa kipimo kipi kisicho mapato. Akishindwa, msisaini.